Ufagio Badala ya Kitambulisho

Mwaka 1916 jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki lilikuwa na benki ya ajabu: karakana ya reli ya Tabora. Humo dhahabu ya Sekenke ilifuliwa kuwa sarafu za rupia 15 zenye tembo. Septemba Wabelgiji wakauteka mji; Wajerumani wakatimka.

Askari Waafrika wa jeshi hilo waliopigana hadi 1918 walibaki wakidai mishahara. Ujerumani Magharibi ilikubali kulipa mwaka 1964! Inasimuliwa kwamba huko Mwanza, kila mzee asiye na cheti cha utumishi alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani apige kwata. Hakuna aliyekosea.

Leo anayefungua akaunti Tabora huulizwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kwata haimsaidii, hata akitokea kambi ya jeshi ya Mirambo. Ila hangoji miaka 46.