Kaole Walihama, Jina Likabaki

Tunduma, pembeni ya barabara ya kwenda Zambia. Malori yamesimama hadi macho yanachoka, na benchi la Mama Chapati limejaa. Dereva Foleni anaisonya simu yake.

DEREVA FOLENI: Tamthilia yangu imeharibika! Mtunzi kaondoka, sasa ni kilio sebuleni. Wanalia, linakuja tangazo, wanarudi kulia.

MZEE RELI (mstaafu wa TAZARA): Pole, mwanangu. Sisi yalitukuta zamani, kwa Kaole.

BODA: Kaole ndo nini, mzee?

MZEE RELI: Haya makubwa! Kaole Sanaa Group, kundi la maigizo, ITV, miaka ya 2000 mwanzoni. Mzee Jengua, Bi Mwenda, Ray, Johari, Nora. Kanumba aliingia 2002. Unakwenda kibanda umiza, watu wamebanana. Ukikosa nafasi unasimama nje, aliye dirishani anakusimulia. Na anakusimulia anavyotaka yeye! Mimi kuna mchezo niliambiwa mume kafa, kumbe kaenda sokoni.

BODA: Lakini Kanumba si mtu wa filamu?

MZEE RELI: Ndipo mambo yalipoanzia. Filamu za kanda na diski zilianza kuuzika Kariakoo, vijana wakachomoka mmoja mmoja. 2006 Kanumba anaonekana kwenye Dar 2 Lagos na Wanigeria. Ray na Johari wakafungua kampuni yao, RJ. Runingani tukabaki tunaulizana, "Fulani yuko wapi?"

MAMA CHAPATI: Mie siwalaumu. Makofi hayanunui unga.

DOGO KWACHA (anahesabu noti): Mwaka 2013 Wazambia walifuta sufuri tatu kwenye kwacha yao, wakabakiza namba. Kaole namba ziliondoka, zikabaki sufuri.

MZEE RELI: Shika adabu yako! Mzee Jengua sufuri?

DOGO KWACHA: Nisamehe, mzee. Wakubwa walikuwepo. Ila mkubwa atagombana na nani, kama kijana wa kumkosea adabu kahamia kwenye filamu?

Mzee Reli anataka kujibu, anakunywa chai. Kwa mzee huyu, hiyo ni kukubali.

DEREVA FOLENI: Mimi nabisha. Kuondoka peke yake hakuharibu kitu. Wachekeshaji akina Masanja, Joti na Mpoki walitoka EATV mwaka 2008, hao TBC1. Jina la Ze Comedy wakaliacha kulekule, wao wakajiita Ze Orijino Komedi. Na sisi tukahama nao! Nani alibaki kuangalia jina?

BODA: Kumbe dawa ni kuhama wote.

DEREVA FOLENI: Enhe! Hawa walihama na utani wao, na waliozoea kutaniana. Kaole walitawanyika. Na hii yangu ya sasa mambo ni kinyume: sura zote zipo, aliyekuwa akiwapa maneno ndiye hayupo. Ndiyo maana wanalia. Hawana la kusema!

MZEE RELI: Hapo umenena. Sura mtazamaji huzizoea wiki mbili. Kisa kikikosa kichwa, hata umlete nani, tutazima.

MAMA CHAPATI: Basi wenye vituo mnisikie huku mpakani: mlipeni anayetunga kabla hajaijua njia ya Kariakoo.