Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mhusika wa Mbwa, Lubumbashi

Mheshimiwa Mhusika,

Nimekutafuta siku tatu. Mlango wa kwanza waliniambia mbwa ni mnyama, niende kwa watu wa mifugo. Wa mifugo wakasema aliyeng'atwa ni mtu, niende kwa watu wa afya. Wa afya wakampokea mtoto wa dada yangu, wakamdunga sindano, wakasema mbwa ana mwenyewe, niende kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Shefu, mzee mstaarabu, alinipa kiti na maji, akaniambia: "Mhusika hayupo." Nilifurahi. Angesema hakuna mhusika ningekata tamaa, lakini asiyekuwepo leo huenda akawepo kesho.

Kwa kuwa hujaonekana siku nyingi, nikupe habari za mjini. Wanyama wetu wanafanya kazi kwa zamu, kama baba zetu enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière. Mchana ni zamu ya mbuzi: anazunguka vitongoji vyetu vya Katuba na Kenya akikusanya maganda, makaratasi na mifuko ya plastiki, bila mshahara. Jumamosi anageuka michopo, nyama ya kuchoma, nasi tunasifia mafuta yake bila kuuliza alikula wapi. Giza likiingia, mbwa anampokea zamu. Huyu mchana kutwa amefungwa mnyororo nyuma ya geti, chini ya kibao cha Kifaransa kinachosema yeye ni mkali. Usiku anafunguliwa alinde nyumba, naye anapita tundu la ukuta kwenda kulinda jalala.

Ndiko mtoto wetu alikokutana naye. Bibi yake alimwosha kidonda kwa sabuni na maji dakika 15 kamili, kama inavyotakiwa, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna daktari wa kukirudisha nyuma. Wengine walikuwa wanatafuta kitunguu saumu. Tukaambiwa pia tumtazame mbwa siku 10: akibaki mzima, basi siku ya kung'ata hakuwa na sumu ya kichaa kwenye mate yake. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kazi yangu mpya ni kumfuata mbwa. Yeye mwenyewe ameshaanza kunishuku.

Wakubwa wa afya duniani wameweka lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Dawa yao haina uchawi: katika kila mbwa 100, chanja 70. Tatizo letu ni ile 100. Nani amewahi kutuhesabia mbwa?

Na si kwamba mji huu haujui kuhesabu. Sammy Baloji, mpiga picha mzaliwa wa hapa hapa, alitukumbusha katika kazi yake ya 2013 kwamba mwaka 1929, mji ukiitwa bado Élisabethville, kila mfanyakazi mweusi alitakiwa kuleta inzi 50 ndipo apate posho ya siku. Hamsini! Fikiria karani aliyekaa na kopo la inzi, anahesabu, anarudia, anamwambia mtu mzima mwenye watoto kwamba wamepungua wawili. Ulikuwa udhalimu uliovaa koti la usafi, sitaki urudi. Ila nashangaa tu kwamba inzi alipata karani, na mbwa mpaka leo hana.

Basi nina shauri. Mtangaze mbwa kuwa kitu cha kulipiwa kodi. Pikipiki ina karatasi yake, meza ya mama muuza nyanya ina karatasi yake, na hakuna meza iliyowahi kusahaulika hata siku ya mvua. Ukiwaachia mbwa watoza ushuru wetu, ndani ya wiki moja tutajua idadi yao, umri wao na pengine majina yao. Nakuomba tu waje na sindano pamoja na risiti. Najua watahesabu wakiwa nje ya geti, kwa kusikiliza mibweko. Tutawavumilia.

Leo ni siku ya tisa. Mtoto anaendelea na sindano zake, anacheza. Mbwa nilimpoteza juzi, nikahangaika, mpaka asubuhi hii nilipomkuta mbele ya ofisi moja, amelala kwenye ngazi, ameshiba, anawazuia watu kupita. Nikamuuliza mlinzi huyu ni mbwa wa nani.

"Wa mhusika," akasema.

Wako,
Mfuata mbwa, Katuba