Bustani ya Mgeni Rasmi

Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo huko Pennsylvania: walioona miti dirishani waliruhusiwa mapema, tena wakatumia dawa kali za maumivu chache kuliko waliotazamana na ukuta wa matofali.

Hospitali yetu imeelimika, hongera zao. Bustani ipo, nyasi zimenyolewa kama kichwa cha kuruta, na kibao juu: USIKANYAGE MAJANI. Hufunguliwa akija mgeni rasmi. Hapo utaona turubai, sambusa, juisi ya ukwaju, na keki ya kuzindua kliniki ya kisukari. Wagonjwa wenyewe? Wako koridoni tangu alfajiri, wanautazama ukuta. Tusiwaonee lakini: umepakwa rangi ya kijani.