Kesi ya Kompyuta ya Steshenari

Nyoo! Mtu kompyuta inamgomea, anakimbilia kupiga Windows. Inagoma tena, anapiga tena. Kuna siku ilijizima mteja akiwa amebakiza ukurasa mmoja tu wa fomu ya Bodi ya Mikopo, binti wa watu machozi yanamlengalenga. Dogo wetu wa steshenari akaja hapa kijiweni, akakalia ndoo, akaagiza kahawa ya deni na kutangaza: "Wazee, hivi ni virusi. Kesho naipiga Windows." Hiyo ni mara ya nne, kila mara elfu kumi na tano. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimechoka kumhesabia.

Na kijiwe cha Same unakijua. Wapare tunasemwa kwamba tunaweza kuuza ng'ombe tushinde kesi ya kuku. Tunasingiziwa kidogo, lakini siku ile kila mwenye kikombe alikuwa hakimu. Wa bodaboda akasema ni ramu, itolewe isuguliwe na raba ya penseli. (Huyo simcheki. Raba huondoa uchafu kwenye yale meno ya dhahabu, na kuna mashine zimepona hivyo.) Muuza mitumba akasema ni fundi wa kuchomelea mageti pale ng'ambo, akigusisha chuma tu taa zote zinasinzia. Mwingine akaanza siasa: Nyumba ya Mungu hiyo hapo jirani na megawati zake 8, Rufiji megawati 2,115, iweje kompyuta moja ikose umeme? Aka! Megawati za Rufiji zina habari gani na ekstensheni iliyoungua ndani ya duka lako?

Kisha likaja la uchawi. Kumbe dogo alinunua kompyuta mbili za mtumba siku moja, mapacha, na ya pili iko Suji kwa binamu yake. Haijaganda hata siku moja. Watu wakatazamana. "Hii ya hapa imetupiwa kitu."

Ndipo mzee wetu, karani mstaafu wa mahakama, akaweka kikombe chini. "Suji kuna baridi," akasema. Akasonya, akamgeukia dogo. "Mwanangu, kuganda na kujizima ni kosa moja?"

"Yote si usumbufu tu, mzee?"

"Wizi na matusi pia ni usumbufu, lakini hatuviandiki kwenye shitaka moja."

Akamtuma akalete kaunta buku. Kila tukio liandikwe: saa ngapi, imeganda au imejizima ikajiwasha, nani alikuwa ndani, kipi kingine kilikuwa kinawaka. Siku sita, na humo katikati marufuku kupiga Windows.

Mimi nikachangia langu. Windows ikipata kosa kubwa, kwa kawaida imepangwa ijiwashe upya yenyewe, kwa hiyo ile skrini ya bluu inapita kabla hujaisoma. Nikamwondolea dogo alama ya tiki kwenye mpangilio ule. Mashine ikifia kwenye maandishi ya bluu, imeacha wosia, usome. Ikikata kauli ghafla bila neno, uende kwenye umeme. Ile kumbukumbu ya ndani inayoandika namba 41 isikutishe wala isikufurahishe, inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Ni sawa na cheti cha kifo kilichoandikwa "amekufa".

Siku ya saba daftari likafunguliwa hapa, kahawa juu ya dogo. Kuganda mara tisa, zote kati ya saa saba na saa kumi alasiri. Asubuhi hakuna hata moja. Kujizima mara tano, saa zimetawanyika ovyo, na fundi wa mageti alikuwa kazini mara mbili tu. Lakini mara zote tano, mzee aliweka kidole chini ya mstari, mteja alikuwa ametoka kuomba fotokopi.

Lo, kijiwe kikanyamaza.

Mashine ya fotokopi ikiamshwa usingizini inapasha moto rola ya kuunguzia wino kwenye karatasi, inapanda mpaka karibu nyuzi 200, na kwa muda ule inaweza kufyonza zaidi ya wati 1,000. Dogo alikuwa ameichomeka kwenye ekstensheni moja na kompyuta, na birika la chai humo humo! Umeme wetu una mawimbi 50 kwa sekunde, kila wimbi linachukua sehemu 20 kati ya elfu za sekunde. Pawa saplai nzima kiafya inatakiwa ivumilie kukatikiwa kwa sehemu kama 16 hivi. Wimbi moja haimalizi. Ikizeeka, kapasita zake zikachoka, inavumilia pungufu ya hapo, na fotokopi ikivuta pumzi kompyuta inazirai.

Dogo akataka papo hapo akanunue pawa saplai mpya na ramu mpya. Mzee akamkatalia: ukibadilisha viwili pamoja, utamjuaje mkosaji? Fotokopi ikahamishiwa kwenye soketi yake ukutani, kisha tukangoja. Kujizima kukakoma. Pawa saplai ikaachiwa kwa onyo. Na tulimkataza kabisa kuifungua kwa bisibisi, maana mle ndani volti 300 na ushee zinaweza kubaki hata waya ukishachomolewa.

Kuganda ndiko kulikobaki, na hapo Same ilijishitaki yenyewe kwa joto lake la alasiri na vumbi lake. Mvua zinaishia upande wa pili wa milima, Gonja na Mamba kwenye tangawizi, huku kwetu tunapewa upepo na vumbi jekundu. Vumbi linaingia kwenye makande yaliyofunikwa, seuze boksi lenye feni inayovuta hewa kutwa nzima. Kabla ya kusafisha tulitoa ubavu wa boksi, tukaielekezea feni ya mezani alasiri mbili. Haikuganda. Basi tukaingia ndani: mbavu za bati juu ya prosesa zimevaa vumbi kama sufi ya mto, na ile dawa ya kupitisha joto imekauka kama udongo wa lambo la Januari. Tukatoa vumbi nje kwa brashi na blowa, feni ikiwa imeshikwa kwa kidole isizunguke ovyo. Dawa mpya, kiasi cha punje ya dengu, siyo kupaka kama siagi.

Wiki ya tatu hii inapiga kazi mchana kutwa. Saa yake bado inarudi nyuma kila ikichomolewa, kile kibetri cha duara cha volti 3 kimekufa, lakini mzee amesema hilo ni shauri jingine, limeahirishwa.

Shida tuliyonayo sasa ni fundi wa mageti. Kapata habari kwamba tulimsema vibaya na hana hatia. Jana kavuka barabara na mashahidi wawili, anadai fidia. Tunasikilizwa Jumamosi.