Kitambi Changu Kwenye Foleni ya Uzazi

Ukitaka kujua hesabu yako ndani ya nyumba ni sifuri, nenda kaulizie hela ya uzazi ya mkeo. Mimi nimeenda. Nimerudi. Nawasimulia nikiwa nimekaa, maana kusimama nimeshasimama ya kutosha.

Ilianzia hapahapa dukani kwa Mangi, kwenye hili benchi. Mke wangu, Mama Kijacho, yuko zake kazini, kule kiwandani anakofungasha biskuti, mimi nipo na bisibisi nafungua simu ya mtu. Akaja jamaa mmoja wa kijiweni, yule mjuaji wa kila kitu. "Rama, mkeo si yupo NSSF?" Nikasema yupo, kila mwezi wanamkata. "Basi mwanangu una mchongo umeulalia. Akijifungua wanalipa. Wiki 12, mshahara mzima." Bisibisi ikanidondoka.

Wiki 12! Nikavuta karatasi nipige hesabu. Ikakwama palepale mwanzo, kwa sababu mshahara wa mke wangu siujui. Tangu tuoane siujui. Nikiuliza ananijibu "unatosha." Basi nikaukadiria. Nikaukadiria kwa moyo mweupe kabisa, nikamwongezea na marupurupu ambayo sina uhakika kama kiwandani kwao yapo. Nikazidisha. Jamani, zilitoka hela! Friji imo, televisheni ya ukutani imo, kibanda changu cha ufundi kimepata vioo na feni. Nikamwita Mangi nikamwambia deni langu sasa lina tarehe. Mangi hana dogo, akachukua daftari akaandika: RAMA, MKE AKIZAA. Daftari lenyewe linakaa kaunta, mtaa mzima unalisoma ukisubiri chenji.

Kesho yake nikavaa shati la Idi. Siku hizi limenibana, kifungo cha chini nakiacha wazi kijipumzikie. Nikachomoa kadi ya kliniki ya mke wangu kwenye droo, kimyakimya, nikitaka nimfanyie sapraizi. Huyo, ofisi ya mfuko, NSSF.

Mlangoni mlinzi akaniuliza nafuata fao gani. Nikamwambia taratibu, uzazi. Akasema, "Fao gani mzee? Sijakusikia." Nikasema, "Uzazi!" Ukumbi mzima ukageuka. Na macho hayakuja usoni kwangu, yalishuka moja kwa moja hadi kwenye kile kifungo. Bibi mmoja aliyekuja kufuatilia pensheni yake akaniuliza kwa upole, "Miezi mingapi sasa, mwanangu?" Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, huku nimevuta tumbo ndani. Yule bibi akasogea, akanipisha nafasi kwenye kiti. Nikakaa. Nifanyeje? Miguu ilikuwa inaniuma kweli.

Dirishani nikamkuta binti mdogo, mpole, na huo upole ndio ulionimaliza. Angenifokea ningepata pa kuanzia. "Shikamoo baba." Marahaba. "Mwanachama yuko wapi?" Yuko kazini. "Na wewe ni nani yake?" Mume wake. "Sawa baba, umekuja kumsaidia kuuliza." Kumsaidia! Mimi nimekuja kuchukua!

Akanieleza pole pole, kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Kwamba fao la uzazi ni la mwanachama mwenyewe, mwanamke, aliyechangia angalau miezi 36. Kwamba katika hiyo, 12 iwe ndani ya miaka 3 ya mwisho kabla ya kujifungua. Kwamba mimba ikishafika wiki ya 20 daktari anathibitisha, ndipo madai yanaanza. Kwamba hela ni wastani wa mshahara wake, asilimia 100, kwa wiki 4 za kabla na 8 za baada. Mimi natikisa kichwa tu, ndiyo, ndiyo, hivyohivyo. Nikauliza swali lililonileta. Inaingia akaunti ya nani? "Ya mwanachama, baba." Haiwezi kupita kwenye simu ya mume, kwa usalama zaidi? Akatabasamu. "Hapana, baba." Kisha akaniuliza kama mimi mwenyewe ni mwanachama, maana hata waliojiajiri wanajiunga. Akanipa na kipeperushi. Nikajipepea nacho njia nzima mpaka kituo cha daladala.

Kijiweni walikuwa wananisubiri kama kawaida. Yule mjuaji akasema hela ikiingia kwa mke si tatizo, cha msingi ni kuzaa kila mwaka, akaunti itajaa mpaka imwagikie kwangu. Nikamtolea nje: waliotunga sheria walishampita. Mwanachama akishalipwa fao hilo, anasubiri miaka 3 ndipo alipwe tena. Wakanywea. Mwingine akauliza kuhusu mapacha. Hapo nilikuwa na jibu: kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mama anapata likizo ya siku 84 yenye malipo, akizaa zaidi ya mtoto mmoja zinakuwa 100. Kwa hiyo kuanzia siku ile nikawa naombea mapacha. Mama Kijacho akanisikia kwenye dua. Sitawaambia alichosema.

Maana yeye, mnajua, alikuwa ameshamaliza kila kitu. Mwanamke anaweza kukaa na jambo lake mwezi mzima, anakula na wewe, anacheka na wewe, hasemi. Alikuwa ameshapata barua ya daktari. Alikuwa ameshatoa taarifa kazini. Alikuwa ameshakagua michango yake akakuta kuna miezi kiwandani walimkata na hawakupeleka. Karatasi ya mshahara inasema amekatwa, taarifa ya michango ina mapengo. Mimi kusikia hivyo nikavua shati nikasema kesho nakwenda kugonga meza ya huyo bosi. Akaniambia, "Vaa shati, baba." Yeye na wenzake wakachapisha zile taarifa, wakaenda wote kwa dada wa utumishi, wakakaa pale mpaka kikaeleweka. Mapengo yakazibwa. Meza haikugongwa na mtu. Habari hizo zote nilizipata kwa Mangi.

Mimi kwenye hii mimba nimeonja heshima mara moja tu, na ni kliniki, siku ya kwanza. Mama mjamzito akienda na mume, wanahudumiwa mbele. Asiyekuwa na mume wa kuja naye, vituo vingi vinamtaka aje na barua ya serikali ya mtaa. Mtaani wanasema wapo wanaokodi hata bodaboda awe mume kwa asubuhi hiyo. Basi fikiria mimi, mume halisi, wa ndoa, nimefika pale. Wanawake wamejaa kwenye mabenchi tangu alfajiri, sisi tukapita katikati. Nikatembea kifua mbele. Nikawapungia mkono. Nilijiona dili, nawaambia.

Tumefika ndani, nesi akanishika kidole. Nikauliza, kwani na mimi? Akasema na wewe, tunapima wote wawili, virusi vya UKIMWI na kaswende. Kile kisindano si kirefu, nakubali. Lakini mimi damu yangu nikiiona nje ya mwili wangu huwa naichukulia vibaya. Nilipozinduka nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha wajawazito, mke wangu amesimama pembeni ananipepea na kadi. Majibu yalikuwa mazuri. Tukatoka. Yale mabenchi yote yakawa yananipa pole.

Sasa njoo kwenye bima. Mke wangu kiwandani wanamkatia NHIF, asilimia 3 anatoa yeye na asilimia 3 anatoa mwajiri, na kadi inabeba mchangiaji, mwenza wake na wategemezi 4. Mwenza ndiyo mimi. Nikiumwa malaria natibiwa na jasho la biskuti. Si aibu, nimeshaizoea, tatizo ni jina. Kwenye kitambulisho cha NIDA mimi ni Ramadhani. Kwenye kadi ya bima nimetoka Ramadhan. Kwenye cheti cha ndoa aliyeandika alikuwa na haraka ya kwenda kula pilau, nikawa Ramathani. Siku moja dirisha la bima la hospitali fulani likanikataa na homa yangu, likasema hawa ni watu 3. Nikaambiwa nitafute wakili niape. Nikaenda. Nimelipa hela, nikaapa mbele ya muhuri kwamba mimi ni mimi. Na nilivyokuwa natetemeka na homa, wakili mwenyewe aliniangalia mara mbili kabla ya kugonga.

Halafu ikaja ile orodha. Sera inasema huduma za wajawazito na za watoto wa chini ya miaka 5 ni bure kwenye vituo vya serikali. Nimeambiwa hivyo na redio, na kalenda ya ukutani, na kila mwanasiasa aliyepita hapa na spika. Lakini mama anarudi kutoka kliniki na kikaratasi: njoo na glavu, njoo na pamba, wembe, kibanio cha kitovu, mpira, pedi, khanga doti kadhaa. Nikamuuliza mama mkwe, maana alikuwa ameshahamia kwetu na kitanda ameshakichukua, sasa bure iko wapi hapo? Akasema, "Bure ni mkono wa nesi, baba. Glavu ya huo mkono ni yako."

Nikajitolea kwenda kununua. Nilitaka na mimi niwe na mchango unaoonekana. Nikaingia duka la vifaa vya ujenzi, maana ndiko ninakofahamika. Glavu, nikachukua nzuri, nene, zile za kubebea nondo. Mpira, muuzaji akaniuliza wa inchi ngapi, nikasema wa nusu inchi, akauliza meta ngapi, nikasema weka 5, mtoto asije akapungukiwa. Nikazifungasha mwenyewe kwenye begi la uzazi, nikafunga zipu.

Begi likafunguliwa usiku wa manane, mbele ya nesi wa zamu. Akatoa glavu. Akazigeuza. Akavuta mpira, ukaja, ukaja, ukaja. Akaniuliza, "Baba, tunazalisha au tunamwagilia bustani?" Kumbe mpira ni ule wa kutandika kitandani. Ningejuaje? Mama mkwe hakusema neno. Akafungua pochi lake, akatoa mfuko mwingine wenye kila kitu, aliununua tangu wiki iliyopita aliponiona natoka kwenda dukani. Mke wangu, na uchungu wote ule, alicheka mpaka nesi akamwambia ajibane.

Akazaliwa wa kike. Mmoja. Siku 84 zikabaki 84.

Na mimi nikasema sasa zamu yangu, sheria hiyohiyo inampa baba siku 3 za likizo yenye malipo, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mwajiri wangu ni mimi. Nikajiandikia barua, nikajikubalia, kwenye malipo nikajikatalia. Nikabandika karatasi kwenye kibanda: FUNDI YUKO LIKIZO YA UZAZI. Mteja wa kwanza akapiga simu kuuliza kama nanyonyesha. Nyumbani mama mkwe akaniona nimejilaza kwenye kochi, akaniuliza nimelazwa na nani, akanikabidhi beseni la nepi. Likizo yenyewe niliikatisha, nikafungua kibanda kabla haijaisha. Simu mbovu hazijinyei.

Ile hela? Imeingia. Nimejuaje? Kwa Mangi. Nimekwenda asubuhi nimekuta mstari wangu kwenye daftari umekatwa kwa kalamu nyekundu, moyo ukaruka. Kusoma vizuri, mama mtoto amelipa mchele, mafuta, sukari na sabuni. Sigara na vocha kaziacha palepale, na Mangi ameziandika upya ukurasa wake peke yake, na pale kwenye tarehe ameweka alama ya kuuliza.

Jana nimetumwa kufuatilia cheti cha kuzaliwa, maana mtoto anatakiwa kuingia kwenye kadi ya bima. Nimekwenda na tangazo la kizazi, kitambulisho, cheti cha ndoa na kile kiapo cha wakili, nimevipanga kwenye bahasha vizuri. Nimefika dirishani, kijana akavitandaza vyote mezani, akavisoma kimoja kimoja, akashika kalamu juu ya fomu. "Sasa baba, jina lako tunaliandikaje?" Nikamwambia asubiri kidogo, nikampigia mama mtoto.