Dhiraa ya Nani?

Ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa Rajabu nilipotoka kwenye roshani ya nyumba aliyotuachia marehemu baba katika Mji Mkongwe wa Unguja, nikauegemea ukingo wa mbao kama nilivyouegemea tangu utotoni, kwa nia ya kumwita muuza boflo aliyekuwa akipita kichochoroni. Na kabla sijaukamilisha wito wangu, kipande cha ukingo kikanitoka chini ya kifua, kikashuka ghorofa mbili kwa utulivu ambao hadi leo naustaajabia, kikatua katikati ya bao lililokuwa likichezwa barazani na wazee wawili wa mtaa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na sidhani kama zilibaki kete kumi mahali pake. Mzee aliyekuwa akishindwa aliinua mikono akasema kuwa hiyo ni kudura, wala kudura haipingiki. Mzee aliyekuwa akishinda hakusema neno. Alitazama juu, akaniona nimeikumbatia nguzo ya roshani kama baharia aliyenusurika jahazi lake likiwa limekwisha kuzama, akainamisha uso, na tangu siku ile akaacha kuniitikia salamu.

Shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba yetu na ambaye hajapata kuhitaji shauri la mtu, alichukua kamba nene ya usumba, akaifunga toka nguzo hii hadi nguzo ile, akaanika juu yake kanga zake mbichi, akasema kazi imekwisha. "Mwanangu," akaniambia, "mtoto haogopi shimo, lakini kanga mbichi ikimpiga usoni atarudi nyuma mwenyewe."

Mimi nimesomesha hesabu miaka thelathini, na maradhi ya mwalimu wa hesabu aliyestaafu ni kwamba hawezi kuliona jambo dogo bila ya kulifungulia daftari. Nikanunua daftari jipya, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza "Tadbiri ya Ukingo", nikapiga mstari kwa rula chini ya maneno hayo, na kwa muda wa siku nne kazi yote iliyofanyika ilikuwa ni mstari huo. Barazani, ambako mambo yangu yalikuwa yakijadiliwa kwa kirefu kuliko nilivyoyajadili mwenyewe, mmoja alikumbusha hadithi ya Mtume kuwa anayelala juu ya paa lisilo na kizuizi dhima juu yake imeondoka. Mwingine akataja kwa huzuni Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na kuzungukwa na nguzo za chuma, ambayo juu ya adhama yake yote iliporomoka upande mmoja Disemba ya 2020, seuze roshani ya Maalim inayoshikwa na kamba ya usumba.

Mji wetu umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kwa hivyo mtu hawezi kuamka tu akatundika mbele ya nyumba yake chochote kinachompendeza, nami sioni ubaya wa sharti hilo, kwa kuwa nimewaona majirani ambao wangeachiwa wangetia aluminiamu. Nikatakiwa kupeleka mchoro. Nilikaa juu ya mchoro ule masiku matatu, nikaupa nguzo mbili, mti wa juu, mti wa chini na vijiti vya kukereza katikati, nikautia wino, nikaupeleka kwa taadhima kubwa. Na afisa aliyeupokea, ambaye ni muungwana na ambaye nina hakika hakukusudia kunivunja moyo, aliutazama kitambo, akaugeuza, akaurudisha, kisha akauliza kwa upole kitanda hicho kitakaa upande gani wa roshani. Nilipoutazama tena kwa macho yake, niliona kweli ni samadari, na hata mahali pa mto palikuwapo.

Idhini ilipopatikana (mchoro wa pili niliandikiwa na kijana wa chuo, nami nikautia jina langu), nilikwenda kutafuta mbao. Watu wa zamani walipenda mvule, kwa sababu mchwa hauwezi, na msaji, kwa sababu hauogopi mvua. Muuza mbao aliniapia kuwa anavyo vyote viwili, akanionyesha mbao za rundo moja, upande wa kulia akiziita mvule na wa kushoto msaji. Nikachagua wa kulia. Misumari ya chuma nilikatazwa na kila mtu, kwani hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huila chuma, na chuma kikifanya kutu huvimba kikaupasua mti; nikanunua skrubu za shaba kwa bei ambayo sikumwambia Shangazi.

Fundi alikuja siku ya tatu baada ya siku aliyoahidi, jambo ambalo kwa mafundi ni kuwahi. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye adabu nyingi na maneno machache. Kabla ya kuugusa ukingo alichukua bisibisi akaidukua boriti inayobeba roshani, nayo bisibisi ikaingia hadi kwenye mpini bila ya kupingwa. Tulitazamana. Akaichomoa, akaipangusa unga, akasema, "Maalim, ukingo unaweza kungoja." Boriti ile ya mkoko, iliyostahamili masika yasiyo idadi, iliuawa na saruji ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuziba nayo ufa, nikidhani naisaidia, kwani ukuta wa mawe na chokaa hupumua, saruji haipumui, na maji yakikosa njia ya kutoka hukaa ndani ya mti yakawaalika mchwa. Boriti ikabadilishwa, chokaa ikarudishwa, na ukurasa wa pesa katika daftari langu nikauruka.

Hapo ndipo tulipofika kwenye kupima, nami naomba msomaji anistahamilie.

Siku ile fundi hakuwa na futi yake, na mimi, kwa kutaka kumwonyesha kuwa si mgeni wa mambo ya wazee, nilikunja mkono nikaipima roshani kwa dhiraa, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, nikapata dhiraa saba na nusu barabara. Nikaandika, nikamsomea. Fundi akaitikia, akaenda zake, akaukata mti wa juu kwa dhiraa saba na nusu. Sasa mimi ni mtu mrefu, na dhiraa yangu, kama nilivyokuja kugundua, ni sentimita 50. Fundi, kama nilivyokwisha sema, ni mfupi, na dhiraa yake ni 42. Mti ulipoletwa na kunyooshwa pembeni mwa roshani ulipungua sentimita 60, na mwanya uliobaki ulimtosha mtu mzima kupita na kikapu chake. Mimi nilisema fundi amekosea. Fundi, kwa adabu ile ile, alikunja mkono wake, akaupima mti wake mbele yangu, akapata dhiraa saba na nusu zisizozidi wala kupungua, kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka thelathini ya kusomesha hakuna mwanafunzi aliyepata kuniuliza: "Dhiraa ya nani, Maalim?" Mti ule Shangazi aliuchukua akautundikia pazia la ukumbini, akasifu sana ufundi wake.

Tukaamua kuanzia hapo kutumia futi. Mpwa wangu anayeishi Uingereza, niliyemweleza masaibu haya kwa simu, alinipelekea vipimo vya kanuni za huko: ukingo wa roshani uwe na kimo cha sentimita 110, na penye watoto wadogo, baina ya kijiti na kijiti usiweze kupita mpira wa sentimita 10. Nikapiga hesabu: roshani ni sentimita 375, kijiti kina unene wa sentimita 5, basi vijiti vinavyohitajika ni 25. Kisha nikamwandikia fundi kikaratasi safi, chenye namba mbili tu, 110 na 10, bila ya kuandika ni 110 za nini wala 10 za nini, kosa ambalo kila nilipoliona katika madaftari ya wanafunzi nililipigia mstari mwekundu na kuliondolea alama mbili.

Futi ya fundi ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Ile 110 aliitambua kuwa ni sentimita, kwani inchi 110 zingekuwa ukuta wa gereza. Lakini ile 10 aliiona yafaa kabisa kuwa inchi. Akaja akaniambia vijiti 12 vitatosha. Hapa ndipo ninapopaswa kuungama: daftari lilikuwa mkononi mwangu, limeandikwa 25 kwa wino, nami nilipoisikia 12, na bei ya kukereza kijiti kimoja naijua, nililifunga daftari nikamshukuru Mungu kwa kunijalia fundi mwaminifu.

Ukingo ule ulisimamishwa kwa kujaribiwa katika ukumbi wa chini. Nikamwita mjukuu wangu wa miaka mitatu, nikampa chungwa, nikamwambia aliviringishe. Chungwa likapita. Mjukuu akalifuata. Paka, ambaye hakualikwa, akamfuata mjukuu. Kaka yake wa miaka saba akapita kwa kukimbia. Na mwisho fundi mwenyewe, asiyeamini macho yake, alijigeuza ubavu, akavuta pumzi, akapita. Aliporudi alipitia njia ile ile.

Masika yakaingia, Ramadhani ikaja ikapita, na vijiti 13 vilivyobaki vilikerezwa kimoja kimoja baina ya mvua na mvua, vikalazwa chini vikauke, hata wageni wa sikukuu wakala halua huku wamenyanyua miguu. Juu, kamba ya Shangazi iliendelea na kazi yake. Mtoto hata mmoja hakuanguka, neno ambalo Shangazi hakulitamka, lakini alilianika kila asubuhi.

Katika Mfunguo Pili kila kitu kilikuwa tayari, na mti wa juu, sentimita 375 kwa futi ya chuma iliyosomwa na watu wawili, ulinyanyuliwa kupelekwa juu. Ngazi yetu, kama nyingi za mji huu, ni nyembamba, imesimama wima, tena inapinda mara mbili. Katika kurasa 41 za "Tadbiri ya Ukingo" nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa ngazi. Mti uligota kwenye kona ya kwanza, ukakataa mbele, na kwa nusu saa ukakataa na nyuma.

Njia iliyobaki ilikuwa ni kuupandisha kwa nje, na kamba nene katika nyumba ilikuwa moja tu. Shangazi aliondoa kanga zake, akaifungua kwa uso wa mtu anayevuliwa pete ya urithi, akanikabidhi bila ya kunitazama. Fundi nami tukakaa juu tuvute. Chini walihitajika watu wanne wauongoze mti usigonge ukuta, na barazani palikuwa na watu wanne, wawili wakicheza na wawili wakitazama. Watatu walisimama mara moja. Wa nne, yule mzee wangu, alilishika kwanza bao kwa mikono miwili, kete zote 64 zikiwa ndani ya mashimo yake, akalibeba polepole pasitikisike shimo, akaliingiza ndani ya duka la jirani, akatoka, akapandisha mikono ya kanzu, akatazama juu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Rajabu akanitolea salamu.