Jiji Linalojua Thamani ya Mifupa

Kwa Waheshimiwa Meya na Madiwani,
Jiji la Sugar Land,
Texas, Marekani.

YAH: OMBI LA MITI YA ASILI NA NJIA YA MIGUU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza, pongezi. Hakuna jiji linaloienzi mifupa kama Sugar Land. Jumba la matofali la Imperial Sugar, lililojengwa 1925, ndimo sukari ilimochujwa kwa makaa ya mifupa ya mifugo hadi ikawa nyeupe pe. Kiwanda kilifungwa 2003. Jumba likabaki, kwa kuwa ni urithi. Nalo jengo la gereza la 1939, walimolala wafungwa weusi, tangu 2009 ni makumbusho ya sayansi. Humo dinosau wamewekewa taa, maelezo na kiyoyozi.

Kwa hiyo Februari 2018, mifupa ya binadamu ilipoibuka kwenye eneo la ujenzi wa shule ya ufundi, ilidhaniwa kwamba wenye uzoefu huo hawatababaika.

Walibabaika. Reginald Moore, aliyewahi kuwa askari magereza, alikuwa ameonya kabla ya ujenzi kuanza kwamba pale pana makaburi. Yakapatikana 95. Mpango wa awali ulikuwa kuwahamishia marehemu kwenye makaburi ya Imperial Farm yaliyo jirani. Shauri likafika mahakamani, na mwishoni mwa 2019 wakazikwa tena palepale. Moore alifariki 2020.

Mmoja wao alikuwa mwanamke. Mdogo kuliko wote alikadiriwa kuwa na miaka 14. Walikuwa wafungwa wa kukodishwa. Katiba ya Marekani ilipofuta utumwa mwaka 1865, iliwaacha nje waliohukumiwa, na wafanyabiashara hawakulala: mwaka 1878 Cunningham na Ellis walikodi wafungwa wa jimbo la Texas na kuwaingiza kwenye miwa, katika mabonde ya mto Brazos yenye tope na mbu. Kabla ya miwa, mabonde hayo yalikuwa na misitu ya mialoni na mipekani.

Ombi lenyewe ni dogo, Waheshimiwa. Irudisheni miti hiyo kuyazunguka makaburi, kisha tengenezeni njia moja ya umma itakayoanzia kiwandani, ipite gerezani na kuishia kaburini. Mtu aifuate kwa miguu, kwa mpangilio uleule wa biashara.

Msiuachie eneo hilo mti ule ulioletwa kutoka China, wenye mbegu nyeupe za nta mfano wa bisi. Majani yake huwa mekundu ya kupendeza wakati wa vuli, hivyo wengi huuonea huruma. Lakini husonga miti ya asili, na ukiukata bila kuua kisiki, huchipua upya kana kwamba hakikutokea kitu. Huenda ndiyo sababu umestawi sana mjini kwenu.

Kisingizio cha kutojua kazi hakipo. Hifadhi ya Cullinan, ekari 754 za miti na maziwa, iko mikononi mwa jiji lenu, na ina njia ya mbao juu ya maji. Mkitaka ushauri, waulizeni wazee wa kaya za Wamijikenda kule Kilifi na Kwale, nchini Kenya. Misitu yao, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, imesalia kwa sababu ndimo walimozikwa wahenga. Mgeni hapotoki kwenye njia wala havunji kijiti. Wamefanya hayo bila mshauri mwelekezi wa kulipwa kwa saa.

Basi bajeti ijayo itenge fungu la miche na fungu la njia. Na kwenye kibao cha kwanza andikeni "wafungwa waliokodishwa". Msiandike "wafanyakazi wa sukari".

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wapita Njia

Nakala: Bodi ya Wilaya ya Shule ya Fort Bend, kwa utekelezaji.